Mtoto ana sikoseli, nimeanza kumfundisha nyumbani, ratiba inanishinda. Naomba ushauri

mama_watatu, Mbagala

Habari zenu wapendwa, wakubwa zangu shikamooni. Itakuwa ndefu, naombeni mnivumilie.

Nina kijana wangu wa miaka 10, yuko darasa la nne, ana selimundu, ndo hiyo sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua akiwa na miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vilivimba vyote kwa pamoja, bibi yake akadhani kaumwa na wadudu, kumbe ndo ugonjwa unapiga hodi. Sasa hivi anatumia haidroksiyurea, ile dawa ya kupunguza maumivu kujirudia, na foliki asidi na kwakweli tangu aanze ile dawa kulazwa kumepungua sana, namshukuru Mungu. Ila shule ndo imekuwa mtihani. Mwaka jana kuna miezi alienda siku nane tisa tu, akirudi anakuta wenzie wako mbali, anakaa nyuma kimya, jioni ananiambia mama mimi sina akili. Na ana akili jamani, huyu mtoto alijua kusoma kabla hajaanza la kwanza.

Halafu kuna suala la choo. Yeye lazima anywe maji mengi na mkojo haushiki kama wa wenzie, sasa akawa anaomba ruhusa kila mara, siku moja akaambiwa asubiri mapumziko, akajikojolea mbele ya darasa zima. Wiki ileile akapata krisisi kubwa, yani yale maumivu makali ya sikoseli, miguu na mgongo, tukalazwa siku sita. Alivyotoka nikasema basi, atasoma hapa nyumbani mpaka nguvu zirudi. Kiukweli sikuaga rasmi, nilituma tu ujumbe kwamba anaumwa.

Sasa nilichofanya, nilichukua ratiba ya shule vilevile nikaibandika ukutani. Saa mbili hisabati, vipindi vya dakika arobaini, mpaka saa nane mchana. Ilidumu siku tatu. Mimi naamka saa kumi usiku, nakanda, nachoma maandazi na chapati za oda za watu, nikimaliza kupeleka ni saa mbili na nusu na hapo mdogo wao wa mwaka na nusu kashaamka anadai haki yake. Baba yao ni dereva wa malori ya Tunduma, yupo nyumbani labda siku tatu kila baada ya wiki mbili. Dada yao yuko kidato cha pili, anatoka giza anarudi giza linakaribia. Kliniki kila mwezi, siku hiyo yote inaishia kwenye foleni. Na mtoto mwenyewe kuna usiku halali kwa maumivu, asubuhi macho ya njano, unamwambia lete daftari unajiona kabisa unamtesa. Nikimwacha apumzike naona siku inapotea, nikimbana naogopa nitamletea krisisi kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa taifa wa darasa la nne. Wenye watoto wanaoumwa mnapangaje? Siku mbaya mnafundisha au mnaacha? Na huyu mdogo nimuweke wapi? Nimechoka na bado nataka asome.

mamaSS_Eldoret

Pole sana mama watatu, pole mara mia. Mimi niko Kenya, Eldoret, msichana wangu ako Grade 5 na yeye pia ni SS, yaani ana sikoseli, tuko mwaka wa tatu tukisomea nyumbani. Hiyo ya kubandika ratiba ya shule ukutani nilifanya pia, tena na rangi, nikalia nayo mwezi mzima.

Kilichonisaidia ni kuacha kupanga kwa siku za wiki. Mwili wa mtoto haujui Jumatatu ni nini. Sisi tuna siku za aina tatu na yeye mwenyewe ndiye alizipa majina: siku ya kukimbia, siku ya kukaa na siku ya kulala. Asubuhi akishakunywa uji na dawa namuuliza, leo ni ya nini? Anajibu mwenyewe. Mwanzo niliogopa atakuwa anadanganya ili asisome, na ni kweli wiki ya kwanza alijaribu, lakini akagundua siku ya kulala ni ya kulala kweli, hakuna kucheza nje hakuna simu, basi akaacha. Sahi ananiambia ukweli hata kunishinda mimi kuona kwa macho.

Siku ya kukimbia tunafanya yale magumu, hesabu na kuandika insha. Siku ya kukaa tunasoma kwa mkeka, anasoma kwa sauti au namsomea mimi, tunafanya mazungumzo ya Kingereza, kuchora mchoro wa sayansi. Siku ya kulala hakuna masomo. Hakuna. Kama anataka hadithi namsimulia, kama hataki nakaa tu karibu.

Na sihesabu masaa. Nahesabu vipindi kumi kwa wiki, kila kimoja dakika ishirini na tano, na wiki yangu inaanza Jumatatu inaisha Jumapili jioni. Kuna wiki tunamaliza kumi kufikia Jumatano maana alikuwa na nguvu, siku zingine zote ni za kucheza na kuenda kwa shosho, bibi yake. Kuna wiki tunapata vinne. Nimeviandika vinne, nimefunga daftari.

Maji pia nimeyaingiza ndani ya masomo. Kipindi kinaanza na kikombe na kinaisha na choo. Hakuna kuomba ruhusa. Nilipoanza hivyo nikaona hata mimi silazimiki kumfuata fuata na chupa siku nzima.

Kitu kingine ni baridi. Huku kwetu mwezi wa saba baridi ni kali na baridi inaleta krisisi, kwa hivyo Julai hatuanzi kabla jua halijapasha nyumba, kama saa nne hivi, soksi, sweta, na nimejipangia vipindi sita badala ya kumi. Huko Dar joto ndio shida yenu nafikiri, jasho linamaliza maji mwilini, kwa hivyo angalia masaa yake mazuri ni yapi, usiangalie ya shule.

Mkweli_Daima

Samahani dada lakini naona mnawadekeza hawa watoto. Maisha hayatamuuliza leo ni siku ya kukaa au ya kulala. Mrudishe shule akae na wenzake, akiumwa ataenda hospitali kama wengine. Nyumbani atakuwa mpweke na hatafika popote, na wewe biashara yako itakufa.

mwl_wa_zamu, Mwanza

Mkweli nimekusoma, hapo kwenye upweke una hoja na nitairudia. Kwenye kudeka hapana. Mimi nafundisha shule ya msingi huku kanda ya ziwa miaka 17 sasa, na huku kwetu sikoseli tunaijua, sijawahi kuwa na mwaka ambao darasani kwangu hayupo mtoto mwenye huu ugonjwa. Hawadeki. Wengi wanaficha maumivu mpaka wanaanguka.

Dada mama watatu, la kwanza kabisa kabla ya ratiba: usimtoe mtoto kwenye rejista ya shule. Huo ujumbe kwamba anaumwa hautoshi, akikaa muda mrefu ataandikwa mtoro na utaanza kutafutwa na mtendaji, na sheria yetu inataka mtoto aandikishwe na ahudhurie. Namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, iko pale shuleni na usajili wake wa upimaji wa la nne utafanyikia palepale. Kwa hiyo chukua barua kliniki, daktari aeleze hali yake na aeleze wazi kwamba anahitaji kunywa maji na kwenda chooni muda wowote. Nenda nayo kwa mwalimu mkuu, siyo kwa simu, nenda mwenyewe, ongea naye kwa heshima bila kuanza na lile la kujikojolea, lile liseme mwishoni. Omba aruhusiwe kuhudhuria kwa kadiri anavyoweza, na zile siku asizokuja apewe kazi. Walimu wakuu wengi wakiona barua na mzazi aliyekuja na daftari wanalainika.

La pili, muombe mwalimu wa darasa akupigie picha azimio la kazi lake. Hiyo ni karatasi inayoonyesha mada gani inafundishwa wiki gani. Ukishaipata hutakuwa tena unabahatisha. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ukipata bando siku moja vishushe vyote kwenye simu, usisubiri siku unayovihitaji maana ndo siku hiyo bando limeisha.

Sasa wasiwasi wako wa masaa. Darasa langu lina wanafunzi 84. Kipindi ni dakika 40. Hata nikitumia kipindi chote kupita dawati kwa dawati bila kufundisha kitu, kila mtoto anapata chini ya nusu dakika yangu. Wewe ukikaa na mwanao dakika 25 mkeka mmoja, umempa ambacho mimi siwezi kumpa mwezi mzima. Usijipime na saa nane mchana ya shule. Hapo kuna usafi, paredi, foleni ya uji, kunakili ubaoni. Kufundishwa kwenyewe ni kidogo mno.

Kama nguvu ni za vitu viwili tu kwa wiki basi viwe kusoma kwa ufahamu na hisabati. Mtoto anayesoma vizuri ataifuata sayansi na mengine hata kwa kujisomea, lakini hisabati ikikatika inakatika kama ngazi. Na kwenye hisabati za la nne pambana na kuzidisha, kugawanya na sehemu. Wewe una maandazi hapo ndani! Trei ina mistari mingapi, kila mstari mangapi, oda ya mama fulani ni robo tatu ya trei. Daftari la wadaiwa mpe yeye aliweke, ajumlishe kila Ijumaa. Ila asikande wala asikae jikoni kwenye joto la moto, hiyo siyo shule.

Upweke sasa. Mkweli yuko sahihi kwamba mtoto anahitaji wenzake. Siku za nguvu apelekwe shule hata kwa vipindi viwili tu, afike saa nne aondoke saa sita, au wenzie wawili waje Jumamosi. Asipotee kabisa machoni pa darasa, maana siku akirudi atakuwa mgeni.

kijana_wa_Tanga26

Nimesoma uzi wote nikaona niandike maana mimi ndo huyo mtoto, nina miaka 26 na nina sikoseli. Nilisoma msingi nusu shule nusu kitandani. Mama yangu alikuwa fundi cherehani na alinifundisha chini ya mashine yake, sauti ya cherehani mpaka leo inanipa usingizi mzuri.

Naomba niseme kitu kimoja tu. Mama, futa viporo.

Mimi kilichoniumiza siyo kukosa shule, ni viporo. Nikilazwa wiki, nikirudi nakuta kazi za wiki nzima zimepangwa mezani zinanisubiri, na za wiki mpya juu yake. Sijapona vizuri, damu bado ndogo, nikiinamia daftari kichwa kinazunguka, lakini viporo lazima viishe. Ikafika mahali hata maumivu yakianza usiku nafikiria kwanza daftari, siyo mguu. Nilikuwa namficha mama maumivu ili nisipate viporo. Hebu ona hatari hiyo, mtoto anaficha krisisi ili asidaiwe.

Ilikuja kubadilika nikiwa la tano. Mjomba wangu alikuwa mwalimu, akachukua lile rundo akaniambia tuangalie, hii mada inahitajika kwa mada inayofuata? Haihitajiki, akaiweka pembeni, hatukuirudia kamwe. Hii inahitajika? Ndiyo, basi tufanye maswali matatu siyo ishirini. Rundo la wiki likaisha ndani ya saa moja. Na hakuna siku nilipungukiwa kwa sababu ya yale tuliyoyaacha, nimemaliza chuo, nafanya kazi ya uhasibu.

Kwa hiyo siku alizoumwa zihesabu kama hazikuwepo kwenye kalenda. Usimwambie tumepoteza siku, atajua ni yeye ndo kaipoteza.

Halafu siku ya maumivu usimfundishe lakini usimwache na ukimya pia. Maumivu ya sikoseli ni kama mtu anakuvunja mfupa polepole, ukiwa peke yako chumbani yanakuwa makubwa zaidi. Mama alikuwa anawasha redio chini chini, au ananisomea gazeti lolote, hata matangazo ya viwanja. Sikukumbuka chochote kesho yake lakini nilijua yupo.

Na huyo dada wa kidato cha pili msimgeuze mwalimu wa kila jioni. Dada yangu alifanyiwa hivyo, tumeongea tukiwa watu wazima ndo nikajua alivyokuwa akilia. Mwombeni kitu kidogo kinachojulikana mwisho wake, nusu saa Jumapili basi.

mama_watatu, Mbagala

Mdogo wangu wa Tanga nimekusoma nikatoka nje kulia. Viporo ndo ninavyomfanyia. Nina boksi kabisa chini ya meza nimeandika YA KUMALIZIA. Asante, Mungu akutunze.

Mwalimu nitaenda shuleni wiki hii. Kuna kitu naomba niulize, miezi ya karibuni jedwali la kuzidisha alilokuwa analijua kama jina lake linampotea, anakaa anaangalia tu, nikimkaripia analia. Dada yake anasema anafanya makusudi. Je ni uvivu au ni kukaa muda mrefu bila shule?

nesi_zamu_ya_usiku

Dada hapo simama kwanza. Usimkaripie tena na usisubiri kliniki ya mwezi ujao kama iko mbali, mpigie nesi wa kliniki yako au nenda ukamwambie daktari maneno hayohayo uliyoandika hapa.

Sikoseli inaweza kuziba mishipa midogo ya damu kwenye ubongo bila mtoto kupooza wala kuanguka. Kwa nje huoni kitu, ila umakini unapungua, kumbukumbu inapungua, vitu alivyovijua vinamtoka. Watu wengi wanadhani mtoto kawa mvivu au mjinga. Sisemi ndicho alichonacho mwanao, inaweza kuwa damu imeshuka tu, au hajalala, au ana huzuni, lakini mtoto aliyekuwa anajua halafu ghafla hajui ni habari ya daktari kabla haijawa habari ya mwalimu. Kuna kipimo cha kuangalia kasi ya damu kwenye mishipa ya kichwani, hakina sindano, kinafanana na ultrasaundi ya wajawazito, watoto wenye sikoseli wa miaka 2 hadi 16 wanatakiwa kupimwa. Uliza kama alishawahi kufanyiwa. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea, au akishindwa kuongea hata kama ni kwa dakika chache halafu ikaisha, hiyo ni kukimbia hospitali muda huohuo. Homa pia, ikifika 38 hakuna kusubiri asubuhi.

Kwenye ratiba niongeze mawili matatu ninayoyaona wodini. Siku akitoka hospitali msihesabu kwamba amepona. Zile dawa kali za maumivu zinamlewesha na zikiisha mwili unabaki mtupu, mpe siku tatu nne za kusikiliza tu. Baada ya kuongezewa damu ni tofauti, wengi wanachangamka sana ndani ya siku mbili, hizo ndo siku za kukimbia za mwenzetu wa Eldoret, zitumie.

Siku ya kliniki muifanye nayo siku yake, siyo siku iliyokufa. Foleni ya maabara ni masaa, beba begi lake moja lisilobadilishwa, kitabu kimoja cha hadithi, penseli, daftari dogo, chupa ya maji. Asome foleni. Mwambie akusomee cheti chake cha damu, hemoglobini yake, yaani kiwango cha damu, ilikuwa 7.2 leo ni 7.8 imepanda kwa ngapi? Desimali hizo, na anajifunza mwili wake. Nimeona mtoto wa miaka 11 anamwambia daktari dozi yake na namba zake za damu bila kuuliza mama. Huyo akienda bweni siku moja atajilinda.

Haidroksiyurea saa ileile kila siku, ifunge kwenye kitu ambacho hakikosekani nyumbani, kwa wewe nadhani chakula cha usiku maana asubuhi yako ni moto.

Na wewe unayeamka saa kumi unalala saa ngapi? Hujasema. Kipindi kimoja kwa wiki kiwe chako cha kulala.

baba_wa_barabarani

Mimi ni dereva pia, ruti ya Tunduma hadi Lubumbashi. Mwanangu ana kisukari anajichoma insulini, sio ugonjwa mmoja ila nyumba ni zilezile. Mwambie mzee asijiweke pembeni kisa hayupo. Mimi jioni nikipaki naletewa sauti ya wasapu, mtoto kanisomea ukurasa mmoja. Namsikiliza nikila, namjibu kwa sauti, namuuliza maswali mawili. Tulipoanza alikuwa anakwama kila neno. Foleni ya mpakani ni siku tatu wakati mwingine, nimeshasikiliza kitabu kizima nikiwa Nakonde. Mama yake hiyo nusu saa anaoga kwa amani.

Halafu jiografia mwachie baba. Namtumia picha ya kibao cha kila mji anautafuta kwenye ramani.

mama_pacha_Moro

Swali la mdogo halijajibiwa naona. Kipindi kigumu kiweke wakati mdogo kalala, hata kama ni saa saba mchana, chochote kinachohitaji kichwa kitulie. Vingine vyote mdogo awepo. Mpe daftari lake na chaki, mwite mwanafunzi mwenzake, kaka amfundishe rangi na wanyama kwa sauti. Kaka anayefundisha anajiona mkubwa, na yeye anahitaji hilo maana siku zote ni mtu wa kuhudumiwa tu.

Mkweli_Daima

Nimesoma majibu yote. Sikujua hilo la ubongo. Dada nisamehe kwa neno la kudeka, mpeleke mtoto akapimwe.

mama_watatu, Mbagala

Nimerudi wapendwa, ni wiki ya sita. Nilisema nikirudi nitaleta yote mazuri na mabaya.

Shuleni nilienda na barua. Mwalimu mkuu alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea, kumbe naye ana mtoto wa dada yake mwenye sikoseli. Sasa anaenda siku za nguvu tu, anaingia saa nne, anakaa dawati la karibu na mlango, akitaka choo anatoka bila kunyoosha mkono. Mara ya kwanza alirudi ananiambia mama nimetoka mara tatu na hakuna aliyecheka. Azimio la kazi nimelibandika palepale ilipokuwa ile ratiba.

Nyumbani tunahesabu vipindi nane, kumi nilishindwa. Kimoja ni saa tatu na nusu nikisharudi kupeleka oda, na kimoja saa saba mdogo akilala. Wiki zingine tumepata vyote, moja tulipata vitatu. Dada wa Eldoret majina ya siku zako tumeyachukua ila yeye kaongeza ya nne, siku ya kuegemea, yani haumwi ila hataki kukaa mbali na mimi. Hiyo anasoma kaegemea mgongo wangu nikichambua maharage. Naona ndo anasoma vizuri kuliko siku zote.

Baba yake wa malori naye ameanza sauti. Mwanzo alikataa akasema yeye aliishia la saba atamfundisha nini, nikamuonyesha ujumbe wa mwenzake wa Nakonde. Juzi mtoto kamsomea kurasa mbili, baba akarudisha sauti ya dakika nne, sijawahi kumsikia akiongea dakika nne mfululizo.

Wiki ya nne tulilazwa, siku tatu. Kifua na mgongo. Tulivyorudi nyumbani, kabla hajavua viatu akaniuliza, mama viporo viko wapi? Nikamwambia hamna, boksi nimelichana, nimewashia jiko. Hakuamini, akainama kuangalia chini ya meza. Akalala masaa manne. Siku ya tano tukaanza sehemu, nusu na robo, mada ya katikati tuliyoikosa tuliichungulia kwa maswali matatu tukaenda mbele.

Nesi, lile la jedwali nilimwambia daktari siku ileile ulivyoniandikia. Hajawahi kufanyiwa hicho kipimo cha kichwa. Damu yake ilikuwa imeshuka mpaka 6.1 akaongezewa, na tangu hapo jedwali la sita na la saba limerudi, la nane bado linakatika. Tumepewa tarehe ya kipimo, ni Jumanne ijayo saa mbili asubuhi. Naogopa. Begi lake lipo tayari, yeye mwenyewe kalipanga, kaweka na daftari la wadaiwa anasema atalijumlisha kwenye foleni.

Nitawaandikia Jumanne usiku.